Oveni Inayomalizia Nusu

Jina la Waranti hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu aliowauzia vitu. Kila alichouza, iwe pasi, saa ya mkono au dawa ya kunguni, kilikuwa na waranti ya maisha. Ila hakuwahi kufafanua ni maisha ya nani, na wateja hawakukumbuka kuuliza mpaka kitu kilipokufa mikononi mwao.

Mchana mmoja, mfuko mtupu lakini viatu vyeupe vya kuchongoka vikimeta miguuni, alikwenda kumwamkia shangazi yake. Tusimsifu bure, hakuwa amemkumbuka. Alikuwa anapita barabarani, harufu ya piza ikamshika pua, ikamkokota hadi ghorofa ya kwanza.

Shangazi alikuwa mshonaji aliyechoshwa na cherehani. Alikuwa amejinunulia oveni ndogo ya umeme, ya kuweka mezani, na ndani yake alitia kigae cha sakafuni. Kigae akikiacha kipate moto nusu saa nzima, kisha akateremsha piza juu yake, chini inakauka na kulia kwacha, na juu jibini inatokota. Dakika kumi, basi. Majirani walilamba vidole, na mmoja alionekana akilamba karatasi. Shangazi alitamani kitu kimoja tu duniani: kile chumba cha duka cha pembeni, kule chini, kinachotazama barabara, ambacho kilikuwa kimefungwa mwaka wa pili sasa.

"Nimemwendea mwenye nyumba mara tatu," alisema. "Anataka kodi ya miaka miwili kwa mkupuo. Pesa zote hizo nizitoe wapi, nizichapishe?"

Mdomo wa Waranti ulikuwa kazini. Aliegemea ukuta ale vizuri, na ukuta ukasogea. Kipande cha plaiwudi kilichomoka, kikaangukia mfuko wa unga, na nyuma yake kikatokea kidirisha cha kupitishia sahani. Zamani jiko la Shangazi na chumba cha jirani, ambacho sasa kilikuwa hakina mpangaji, vilikuwa nyumba moja. Mwenye nyumba aliikata katikati ili apate kodi mbili, na kidirisha akakiziba kwa misumari miwili mahali palipohitaji minne.

Upande wa pili palining'inia kalenda kuukuu. Waranti akaisogeza kwa kidole, akachungulia. Katika chumba kile kitupu, mwenye nyumba mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo, macho ameyafumba, na kipande cha mkate mkavu mkononi. Aliuma mkate, akavuta harufu ya piza. Akauma, akavuta.

"Kumbe ndiye!" Shangazi alinong'ona. "Miezi mitatu nasikia kutafuna ukutani, nategea panya!"

Mwenye nyumba walimwita Mzee Nusu, na hawakumwonea. Ngazi zake zilikuwa na nusu ya taa. Chai alikunywa nusu kikombe asubuhi, nusu ya pili jioni. Ukimwamkia shikamoo alikuitikia "mara," na "haba" akaiweka akiba. Piza aliitamani kufa, lakini kununua hakununua hata kipande kimoja, kwa nini anunue na harufu ni ya bure?

Waranti alirudisha kalenda taratibu. Macho yake yalikuwa yamepata ule mng'ao ambao wateja wake wangeujua wangetoka mbio.

"Shangazi," alisema, "chumba cha pembeni umeshakipata."

Mpango ulikuwa hivi. Waranti angeleta ganda la oveni iliyokufa, lisilo na mgongo, aliweke kwenye kile chumba kitupu, limeziba kidirisha. Mbele angeingiza piza mbichi na kufunga mlango. Nyuma Shangazi angeichomoa na kuingiza nyingine iliyokwisha kuiva katika oveni yake ya kweli. Oveni ya dakika mbili! Mzee Nusu angeitaka kwa roho yake yote, na bei yake ingekuwa miaka mitano ya chumba cha pembeni, bila kodi.

"Mimi si mwizi," Shangazi alisema. "Nikikipata chumba, kodi nitalipa kila mwezi."

"Utalipa, Shangazi, utalipa," Waranti alimpoza, kwa sauti ileile aliyouzia dawa ya kunguni. Hakumwambia kwamba kuna muuza simu mmoja mtaa wa pili aliyekuwa tayari kumpa kitita kwa chumba hichohicho, wala kwamba begi lake lilikuwa limeshafungwa.

Chumba kitupu alikiazima kwa maonyesho ya nusu siku. Mzee Nusu alilipenda hilo neno kabla hata hajajua linahusu nini.

Siku ya siku, ganda lilisimama juu ya meza, limefutwa likang'aa. Kioo cha mlango Waranti alikuwa amekipaka rangi nyeusi, "kuzuia mionzi," na ndani aliweka kitaa cha betri. Mzee Nusu aliizunguka oveni mara mbili, kisha akatoa mfukoni kinyunga chake mwenyewe. Kilikuwa nusu duara, kitupu, bila nyanya, bila jibini, bila aibu.

"Mimi sidanganyiki na vitu vya watu," alisema. "Ioke hiki."

Waranti akakiingiza, akafunga, akakohoa, ndiyo ishara yao. Nyuma ya ukuta Shangazi alikitoa kile kinyunga, akakitazama kwa huruma kama mtu aliyeletewa mtoto asiye na nguo. Lakini afanye nini? Iliyoiva alikuwa nayo moja tu. Akaiingiza.

Dakika mbili zilipopita, Waranti alifungua mlango kwa mbwembwe, na mbwembwe zikamwishia mkononi. Kwenye sinia palikuwa na piza nzima, mviringo kamili, nyanya, vitunguu, pilipili hoho, na jibini ikichuruzika pembeni.

"Niliweka nusu," alisema Mzee Nusu polepole.

"Ndiyo, Mzee."

"Imetoka nzima."

"Ndi... yo."

"Sikuweka jibini. Imetoka na jibini."

"Mzee, hilo naweza kulieleza..."

"Nyamaza! Nimeshaelewa." Akamvuta Waranti sikio karibu, akashusha sauti. "Hii haioki tu. Inamalizia nusu!"

Mjanja wa kweli hasimami mbele ya mtu anayekimbilia shimo. "Mzee," Waranti alisema, "hiyo ilikuwa siri ya kiwanda. Sijui umeigunduaje."

Mzee Nusu akala piza ya kwanza katika maisha yake, na chozi likamtoka. Kisha akaanza majaribio, na kila alipokwenda kutafuta kingine, Shangazi aliwahi kuoka nyingine. Akaleta robo ya kinyunga, ikatoka piza nzima. Akaleta donge la unga la ukubwa wa kidole gumba, ikatoka piza nzima. Akaleta nusu kitunguu peke yake, na ikatoka piza nzima yenye vitunguu zaidi, maana Shangazi naye alikuwa ameanza kukasirika. Wapangaji walivutwa na harufu wakajaa mlangoni, miongoni mwao muuguzi mstaafu wa ghorofa ya pili aliyekuja na miwani kabisa. Nyuma ya ukuta jibini ilikuwa imebaki mkwaruzo, na Shangazi alilowa jasho mpaka kwenye nyusi.

"Naleta mkataba! Oveni kwangu, chumba cha pembeni kwako, miaka mitano bila kodi!" alipaza sauti Mzee Nusu, akapanda ngazi mbilimbili. Wapangaji wakamfuata mpaka kwenye ngazi wakasimama huko kubishana, na Waranti akabaki peke yake. Akatoa simu, akaegemea meza kwa raha, mdomo ukiwa sambamba kabisa na mlango wa oveni uliokuwa wazi.

"Chumba kimeiva, ndugu yangu," alimwambia muuza simu. "Njoo na bango lako saa kumi, na changu usisahau. Nani, shangazi? Ah, yule yuko huko anakanda unga, hana habari. Mpaka ashtuke mimi niko mji mwingine."

Maskini, alisahau kwamba oveni yake haikuwa na mgongo. Kila neno lilipita humo likatua sikioni mwa Shangazi. Mikono yake ikasimama ndani ya unga. Ilimuuma, jamani. Mtoto huyu alimbeba mgongoni, alimshonea sare ya shule, na ile kaptula ya kwanza alimwekea mifuko minne kwa sababu aliililia. Leo anamtia mfukoni yeye mwenyewe. Akajifuta uso kwa aproni, akatafuta kalamu yake ya kuandikia vipimo vya nguo.

Mzee Nusu alirudi na karatasi na ufunguo, na wapangaji nyuma yake. Karatasi ilikuwa na sahihi yake na muhuri, na juu maneno haya: "Chumba cha pembeni, miaka mitano." Katikati palikuwa peupe.

"Mchapaji alitaka malipo kamili," alieleza. "Nikampa nusu, naye akachapa nusu. Hata hakujua amenisaidia." Akaiweka karatasi kwenye sinia, na ufunguo juu yake. "Oveni itamalizia. Na ufunguo itanitolea wa akiba."

"Mzee, karatasi itaungua!" Waranti aliruka. "Lete nijaze mimi kwa kalamu, bure!"

"Bure?" Mzee Nusu alimtazama kwa jicho moja. "Anayefanya bure ana lake jambo. Wapangaji, nyinyi ni mashahidi: itakachoandika oveni ndicho nilichokubali." Akausukuma mlango, pa!

Waranti alikohoa. Akakohoa tena. Mwisho akainama hadi kwenye kioo cheusi. "Ewe oveni," alisema kwa sauti kubwa, "mpangaji si unamjua? Ni mimi, khoo! Bwana Waranti, khoo, khoo!"

Dakika mbili zikapita, tatu, tano.

"Inafikiri," alisema Mzee Nusu kwa heshima.

Mlango ulipofunguliwa, karatasi ilikuwa ya moto, ina alama za vidole vya unga, na katikati pamejaa maandishi. Muuguzi mstaafu akavaa miwani, akasoma:

"Mpangaji ni mshonaji wa ghorofa ya kwanza. Kodi italipwa kila mwezi, na si nusu. Ufunguo umeshafika kwa mpangaji."

"Kodi?" Mzee Nusu alishika kichwa. "Tulikubaliana bure! Jamani, imeniongezea kodi!" Akaikumbatia oveni.

"Bado kuna mstari," alisema muuguzi. "Waranti ya oveni hii ni ya maisha. Maisha ya muuzaji. Atakaa papa hapa aitengeneze."

Waranti alifungua mdomo. "Lakini mpangaji huyo siye..."

"Imekosea?" Mzee Nusu aliachia oveni, uso umebadilika. "Unataka kuniambia oveni ni mbovu?"

Wote wakamgeukia. Waranti akaipapasa oveni kichwani. "Haijawahi kukosea, Mzee."

"Hodi," ilisema sauti mlangoni. Shangazi alikuwa anafuta mikono, ufunguo unaning'inia kwenye kamba ya aproni yake. "Nasikia kelele. Kwema huku?"

Saa kumi muuza simu alifika na bango begani. Akamkuta Shangazi anafagia chumba cha pembeni, akageuka nalo bila hata kulitua.

Waranti hakungoja kuaga. Alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho na begi lake, wakati Mzee Nusu alipotokea juu, nusu kinyunga mkononi, kibichi vilevile. Oveni alikuwa ameshaihamishia kwake, Shangazi akiwa amewahi kurudisha plaiwudi, na kukosa mgongo hakukumshtua mtu aliyezoea nusu.

"Haimalizii! Nimengoja dakika arobaini, inawaka taa tu!"

"Mzee, fundi wako huyo anaondoka," Shangazi alimwelekeza kwa mpini wa fagio.

Mzee huyo alikuwa hajapata kukimbia tangu ujana, lakini siku hiyo alikimbia kamili. Alimdaka Waranti mguu pale mlangoni, akamchomoa kiatu kimoja cheupe, akakikumbatia kifuani.

"Kimoja kinanitosha," alisema akihema. "Oveni ikipona, utakipata."

Basi yupo hadi leo. Utamkuta katika chumba cha pembeni nyuma ya oveni ya Shangazi, mguu mmoja kiatu cheupe, mwingine ndala, unga mpaka kwenye viwiko. Kila Ijumaa huficha piza moja ndani ya shati, hupanda kwa Mzee Nusu "kuitengeneza" oveni, na mzee akigeuka tu kutafuta uma, oveni inapona. Inapona siku hiyo tu. Piza hiyo Waranti huilipa kwa kukanda vinyunga ishirini, na tumbo lake limeshaungua mara mbili.

Hupita Shangazi nyuma yake na sinia, akamwinamia.

"Maisha ya nani, mwanangu?"

"Yangu, Shangazi."

"Basi kanda."