Kaimenyi Atoke Ndani ya Nyimbo za Celina

Kanja,
Jumapili jioni.

Kwa Meneja,
Redio Umande,
Embu Mjini.

Bwana Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, umekula, na watoto wanaendelea vizuri. Mimi si mzima. Nimekasirika. Lakini nimeanza na salamu kwa sababu nilifunzwa adabu, na adabu ndiyo inayonileta kwako leo, maana kuna kijana wako ambaye hakumaliza somo hilo.

Jina langu ni Wambeti, mjane wa Ngari, wa hapa Kanja. Nina majani chai, ng'ombe wawili na miaka sabini na sita. Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilijifunza nikiwa nyanya tayari, kwenye gumbaru, lile darasa la wazee pale kanisani, kwa hivyo ukiona neno limeinama, linyooshe mwenyewe uendelee mbele. Usinitafutie makosa. Mimi nimekuletea yako.

Jambo lenyewe ni hili. Nina mke mwenzangu anayeitwa Celina. Mzee Ngari alituoa sisi wawili, mimi nikabaki huku juu kwenye chai, yeye akapewa shamba la chini, Gachoka, kwenye mbuzi na joto. Tumegombana miaka arobaini na minane. Celina aliongea kuanzia jogoo wa kwanza mpaka taa inazimwa, na akianza kuimba hakuna aliyebaki amekaa. Nilikuwa nikimwomba Mungu amnyamazishe kwa saa moja tu nipumzike. Mwezi wa tatu kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, na tangu siku hiyo halijatoka neno hata moja kinywani mwake. Sasa ni miezi minne. Bwana Meneja, nataka Mungu ajue nilikuwa natania.

Muuguzi wa zahanati aliniambia kuna watu ambao ulimi wao hurudi kwa njia ya nyimbo. Mchezee zile alizocheza akiwa msichana, akasema, kila siku, moja baada ya nyingine. Basi nikaamua kumtengenezea kaseti.

Najua utauliza kwa nini si simu. Wajukuu wameuliza mpaka wamechoka. Simu ni kioo kinachoteleza, na Celina amebaki na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Redio kaseti ina kitufe kikubwa kama jino la ng'ombe. Anabonyeza, kinalia ta, anajua amefanya kazi. Tena nyimbo zenyewe hazipo kwenye simu. Mjukuu wangu Munyi aliutafuta ule wa bwana aliyeuza baiskeli akanunua leso, akaniletea kijana mwenye suruali iliyoraruka akiimba juu ya gari. Nyimbo za bendi zetu za zamani za Embu na Mbeere ziko kwako peke yako, kwenye kabati lako, na zinatoka Jumapili saa nane mchana katika kipindi cha huyo kijana wako Kaimenyi. Ndiyo maana tuko hapa.

Ujue pia ninavyofanya kazi, usifikirie ni mchezo. Redio kaseti yangu haishiki stesheni tena, inarekodi tu. Kwa hivyo naazima redio ya jirani yangu Ednah, naziweka zote mbili juu ya kigoda zikitazamana kama watu wanaoposana, kisha nazifunika blanketi. Kaseti ni za mahubiri ya zamani. Vile vitundu vya juu naviziba kwa karatasi niliyoitafuna, ndipo zikubali kurekodiwa tena. Mahali pengine kati ya wimbo na wimbo mhubiri bado anachomoza na kusema tubuni, lakini huyo simlaumu, yeye alitangulia. Ndama anapelekwa kwa Ednah. Kuku wanafungiwa. Kuanzia saa nane hadi saa kumi hakuna anayebisha hodi kwangu, hata mchungaji anajua. Boma lote linanyamaza, isipokuwa mtu mmoja aliye huko Embu Mjini, na huyo unamlipa wewe.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usiruke lolote.

1. Anaongea mwanzoni. Pale gitaa inapolia peke yake, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ndipo Celina alikuwa akianza kutikisa bega moja, lile la kushoto, na wanaume wakasahau vikombe mkononi. Hapo hapo Kaimenyi anaingia: ni saa nane na dakika kumi na mbili wapendwa wangu, na jua linawaka! Jua naliona. Saa ninayo, na nikiikosa ng'ombe wanayo. Bega la Celina litaamkia wapi sasa, kwenye dakika kumi na mbili?

2. Anacheka. Kuna wimbo wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mke ameondoka na sufuria zote. Ni wimbo wa huzuni, hata mimi hulia kidogo, na mimi niko upande wa mke. Kaimenyi alipofika kwenye sufuria akacheka he-he-heee, mdomo ukiwa umegusa maikrofoni. Sasa nina kaseti ambayo mtu analia na mwingine anamcheka, na watoto wa hapa nyumbani wanadhani wimbo ulitungwa hivyo.

3. Salamu. Hapa nitakaa kidogo. Sina ubaya na salamu, hata mimi nimeanza na zako. Lakini ni lazima zisomwe juu ya kiitikio? Kuna bwana mmoja, Muthamia wa Kanyakine, anayesalimia watu kumi na mmoja wale wale kila Jumapili, na kila mmoja akizipata asalimie wengine watano. Nimewajua wote. Wa nne ana goti bovu, namwombea. Wa saba na wa nane walikosana mwezi wa tano wakatenganishwa kwenye orodha, sasa wamerudishwa pamoja, na kwa kweli nilifurahi. Lakini, mwanangu, mimi nilikuwa narekodi wimbo! Akina mama wanaonisaidia kuchuma chai wameisikia kaseti yangu mpaka wameishika. Juzi waliuimba ule wa leso shambani, na walipofika kwenye kiitikio wakapaza sauti wote: akiwemo Baba Kiunga wa kiwanda cha kahawa, akipata awasalimie wa nyumbani! Kiitikio chenyewe hakuna anayekikumbuka tena. Kimeuawa na Baba Kiunga, na maskini hata hajui.

4. Matangazo. Kuna ule wa kijana anayemwahidi mama yake. Anasema, nitarudi kwako mama, na kabla hajasema lini, mtu wa dawa ya mifugo anadakia kwa sauti ya ukali: minyoo inakula faida yako! Yule kijana hajarudi hadi leo. Kisha kuna mheshimiwa mmoja, sitamtaja, aliyeahidi lami ya barabara yetu mara tatu ndani ya wimbo mmoja. Wimbo huo ni mrefu kuliko barabara yenyewe.

5. Nilimpigia simu. Hili ndilo limenitoa jasho mpaka nikatafuta kalamu. Leo mchana nilimpigia nikiwa na upole wote niliobakiza. Bila kuniuliza akaniweka hewani. Akasema, shosho wa Kanja, nyanya yetu, unamsalimia nani leo? Nikamwambia simsalimii mtu, naomba tu aache wimbo ufike mwisho, kuna mgonjwa anautegemea. Bwana Meneja, alinihurumia. Nilisikia sauti yake ikilainika kabisa. Basi akanifariji. Alinifariji nyimbo mbili nzima. Aliomba sala. Akawauliza wasikilizaji kama kuna anayejua dawa ya kiharusi, wakapiga simu watu saba, mmoja akasema supu ya kichwa cha mbuzi, mwingine akasema shemeji yake ana unga fulani, na bibi mmoja akaniambia nimsamehe mke mwenzangu, kana kwamba ndimi niliyemroga! Yote hayo juu ya gitaa. Niliomba kimya nikaletewa supu.

6. Na hili la sita si la Kaimenyi, ni lako. Wewe uko hapo, una masikio, na mshahara wako unatoka kwa sisi tunaosikiliza. Umewahi kumsikia? Au wewe Jumapili husikiliza stesheni nyingine?

Kwa hayo yote naomba, na usidhani kuomba kwangu ni kubembeleza. Mpe Kaimenyi saa nzima kuanzia saa saba aongee peke yake mpaka aishiwe. Saa nane ikifika aseme jina la wimbo mara moja, atoke nje, mlango ufungwe, na ufunguo apewe mlinzi wenu, si yeye. Akiongelea dirishani, mumpeleke mbali na dirisha.

Hilo likishindikana nileteeni yeye huku Kanja kwa mwezi mmoja. Nitamvalisha kikapu mgongoni achume majani na akina mama, majani mawili na ncha yake. Wale wataongea mpaka yeye akose nafasi ya kusema ni saa ngapi, na ataonja anachotupa.

Na hilo nalo likishindikana, mpelekeni Gachoka. Mketisheni barazani kwa Celina asubuhi mpaka jioni, kando ya mwanamke anayejua kila kitu kuhusu kila mtu na hawezi kusema hata kuwa ana kiu. Amtazame akitafuta neno. Amwone akilikosa. Hapo atajua kinywa kinachofanya kazi ni kitu cha namna gani, na kama ni cha kutumia kwa minyoo.

Mnasema kila baada ya dakika tano kuwa nyinyi ni sauti ya mwananchi. Mwananchi bado hajaisikia, mtu anaongea. Tuko wanawake kumi na tisa kwenye kituo chetu cha kupimia majani, na kila mmoja ana redio ndogo kiunoni. Nikisema zizimwe zitazimwa. Sijasema bado. Nakupa nafasi kwa sababu unaweza kuwa mtoto wa mtu ninayemfahamu.

Nisalimie wote hapo: yule mama wa habari, ambaye husoma akamaliza akanyamaza kama Mkristo, na mlinzi, na anayewapikia chai. Msalimie na Kaimenyi pia. Simchukii. Anasikika kama mtu asiyekula vizuri. Siku akija kuniomba msamaha nitampikia githeri yenye viazi na atakula sahani mbili, na wakati anatafuna sote tutapumzika.

Ni mimi ninayewasikiliza kwa taabu,

Wambeti wa Ngari.

Nyongeza.

Barua hii imekaa mezani mpaka Alhamisi. Ednah ndiye hunipelekea mizigo huko Embu akienda na maparachichi, na wiki hii alikuwa na homa. Usiitupe kabla hujafika hapa.

Jana nilishuka Gachoka. Niliona nikingoja kaseti safi nitamzika Celina kwanza, kwa hivyo nikabeba hii hii chafu, na sufuria zake na Baba Kiunga wake. Nikamwekea redio kwenye mapaja. Akabonyeza kwa kidole gumba. Gitaa ikaanza, Kaimenyi akaanza. Celina kimya. Wimbo wa pili, kile kicheko. Nikaona nyusi zake zimekunjana, zile nyusi ninazozijua, ambazo zimenikunjia miaka arobaini na minane. Wimbo wa tatu Muthamia akaanza kusalimia. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Kwenye mtu wa tisa mdomo wa Celina ukaenda upande mmoja, shingo ikakaza, nikadhani ni kiharusi kingine nikashika meza.

Akasema, "Mjinga huyu hachoki?"

Maneno matatu, Bwana Meneja. Baada ya miezi minne. Nililia mpaka mbuzi wakaja kuangalia. Nikarudisha kaseti nyuma nikamchezea tena, akamtukana tena, safari hii kwa herufi zote. Kufikia jioni alikuwa na maneno saba, moja kati ya hayo siwezi kuliandika kwa kalamu niliyopewa kanisani. La saba lilikuwa jina langu. Alilisema kwa hasira, kama kawaida yake.

Kwa hivyo yote niliyoandika huko juu yafute. Yule kijana asiguswe. Usimfungie nje, usimlete kwenye chai, na yeyote atakayemwambia apunguze sauti nipe jina lake. Jumapili hii nitakuwa na redio zote mbili tayari tangu saa saba. Achukue ule wimbo wa leso, ndio anaoupenda Celina kuliko zote, na aongee juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila huruma. Muthamia aongeze watu. Akikosa la kusema, asome barua hii yote, wimbo ukiendelea.