Mgeni Mwenye Feni Mbili Chumbani Mwangu

Kisangani, Jumatatu tarehe 2 Juni 2025

Mpendwa Tonton Bavon, huko Basoko,

Pokea heshima zangu. Naapa kukueleza yote, hata yale yasiyonipendeza mimi mwenyewe.

Ni kuhusu mashine ya bitcoin uliyoiacha chumbani mwangu ulipopanda boti, ile inayokisia namba usiku na mchana ili ishinde pesa za mtandaoni. Mtihani wangu wa kumaliza shule unaanza Jumatatu ijayo, nami naomba ruhusa yako ya maandishi niizime mpaka niumalize. Mama anasema kitu cha kaka yake hakiguswi bila neno lake. Sababu zangu ni hizi:

1. Kelele. Sisi tumezaliwa kando ya maporomoko. Lakini maporomoko hayajawahi kulala chini ya kitanda changu.

2. Umeme ukirudi, mgeni wako ndiye anayekula kwanza. Taa yangu inafifia hata sioni alama ya desimali.

3. Mgeni ana feni mbili. Koko, mama yako mzazi, anajipepea kwa kifuniko cha katoni. Jana alisema, «Nami nitaanza kukisia namba, labda Bavon ataona joto langu.»

4. Ulitufundisha kwamba kukisia namba ndani ya kikundi na kugawana ushindi ni aibu, kwa sababu kila familia ya wavuvi ina mtego wake. Ni kweli, Tonton. Ila Papa Dominique jirani yetu, mtego wake ukikaa mtupu juma zima, anauhamisha. Nimepiga hesabu kwa tarakimu ulizobandika ukutani: mashine yako, peke yake mbele ya mashine za dunia nzima, itapata namba moja ya ushindi katika miaka elfu moja na mia nne. Wewe una arobaini na sita. Basi andika wosia, vizazi hamsini na sita vijue zamu zao za kuipangusa vumbi.

5. Ukikataa, naomba uiandikishe shuleni badala yangu. Maswali yetu ni ya kuchagua jibu, na kukisia ndiyo kazi yake.

Koko na Mama wanakusalimu. Utusalimie Tantine Nathalie na wote wa bandarini.

Mpwa wako mtiifu,
Emilie

P.S. Niliapa kueleza yote. Jana jioni niliizima dakika arobaini. Nilisoma vizuri sana, kisha nikashindwa kusoma: hesabu yangu inataja miaka, haitaji dakika. Nimeiwasha tena, na taa nimeizima mimi. Papa Mohamadi, aliyekuletea barua hii, anarudi na boti Jumamosi, mpe jibu: je, kuna njia ya kujua kama namba yetu ilipita saa kumi na mbili na robo, mashine ikiwa imezimwa?