Santuri ya Mtaro Wazi

Jumatatu, 5 Agosti 2019

Mwanafunzi mpya leo. Dona Zuleica Fontoura, mjane, miaka sitini na minne. Anaendesha akiwa amevaa glovu alizoshona mwenyewe. Anataka leseni ili aende na Fusca, Volkswagen kobe ya marehemu mumewe, kucheza bingo mji wa Sabará, bila kubebwa na mkwe wake, ambaye huendesha huku analalamika. Nimefundisha nusu ya Belo Horizonte udereva. Nikamwona mama wa kawaida tu.

Tulikuwa katikati ya Barabara ya Amazonas, nyuma ya basi bovu, aliposema mngurumo ule unamkumbusha marehemu mdogo wake, Osmar. Osmar alikuwa akipiga ngoma katika bendi ya vijana. Walifanya mazoezi gerejini kwa mama yao mpaka kuku wakaacha kutaga. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, bendi iliitwaje. Akasema Mtaro Wazi.

Nikakanyaga breki. Ile ya mwalimu, upande wangu. Katikati ya Amazonas! Honi zile bado nazisikia. Dona Zuleica akaomba radhi, akidhani kosa ni lake. Sikumsahihisha.

Mtaro Wazi! Panki kali ya mwaka 1986, santuri moja ndogo, nyimbo sita, hakuna wimbo unaofika dakika mbili. Zilitengenezwa chache, na nyingi ziliozea stoo kwenye mafuriko. Nimeitafuta tangu nikiwa na nywele. Na Dona Zuleica ana sanduku la vitu vya Osmar chini ya kitanda.

Sikuomba. Mkusanyaji mwenye akili haombi. Ukiomba, mtu anashtuka kwamba ana kitu. Urafiki kwanza.

Marlúcia asijue. Mke wangu amepiga marufuku santuri mpya kuingia nyumbani tangu Juni, nilipoficha tatu za hevi metali ndani ya oveni naye akaiwasha kuoka vimkate vya jibini. Zilitoka zimejikunja kama bakuli. Vimkate navyo havikulika.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepanga njia ya somo ipite mlangoni kwa Dona Zuleica. Nikasema injini inahitaji kupoa. Akanikaribisha kahawa na keki ya unga wa mahindi. Nilikula vipande vitatu, nikasifu mapazia, nikaomba kwenda msalani.

Chumba cha kulala kiko mlango wa pili. Nilipiga magoti, nikainua shuka. Sanduku lipo! La kadibodi, limefungwa kamba. Mbele yake kulikuwa na mbwa mwenye ukubwa wa birika, aitwaye Jemadari. Habweki. Anauma tu.

Dona Zuleica alinikuta nimekaa sakafuni nimeshika kifundo cha mguu. Nikasema nilipotea. Akatazama nyumba yake yenye vyumba vitatu, akaniletea iodini.

Nyumbani Marlúcia aliuliza nimeumwa na nini. Nikasema mwanafunzi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilipaswa kunyamaza. Sikunyamaza.

Baada ya kazi nilipita dukani kwa Nivaldo, kule chini ya jengo la maduka mjini, ambako sisi wazee wa fulana nyeusi hukutana kupekua santuri na kunyoosha migongo. Bode alikuwepo. Jina lake halisi ni Gilvan, lakini kwa ndevu zile kila mtu humwita Bode, yaani beberu. Anauza maua kwenye lango la makaburi ya Bonfim. Mwaka 1987 niliona santuri adimu dukani, nikaificha nyuma ya nyimbo za Krismasi ili nirudi kuichukua mshahara ukitoka. Bode ndiye mtu pekee mjini aliyekwenda kupekua nyimbo za Krismasi mwezi Mei. Tangu hapo tunasalimiana kwa kidevu.

Leo akauliza, kwa dharau, kama bado ninakusanya au nimebaki kutazama tu. Nikajibu kwamba watu fulani karibuni watalia. Akauliza watalia kwa nini. Nikasema mtaro ukifunguliwa, kila mtu ataisikia harufu.

Nilidhani ni fumbo zito. Bode akaacha kutafuna.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilifika kwa Dona Zuleica kumchukua kwa somo. Mezani kuna shada la maua ya yungiyungi. Kwenye kiti changu amekaa Bode, na koti lake la ngozi, kwenye joto hili, anakula keki yangu. Jemadari amelala miguuni pake chali, tumbo juu.

Dona Zuleica akanitambulisha kwa furaha. Huyu bwana Gilvan alikuwa akipita tu, akaona lango limelegea, akalikaza. Na maua akaleta! Mtu mwema namna gani.

Maua ya makaburini. Hayamgharimu chochote. Ningesema, lakini mdomo ulikuwa na keki.

Nimejua lililotokea. Leo asubuhi alinifuata kwa basi mpaka ofisini, akasoma ratiba ya masomo ukutani, akaona jina na anwani ya mwanafunzi wangu mpya. Mtu asiye na haya kabisa! Mimi nilitumia siku nzima kutengeneza urafiki ule kwa njia ya heshima.

Jumamosi, 10 Agosti

Mpango mpya, na ni wa hali ya juu. Mwanafunzi akifaulu, anaondoka. Asipofaulu, anabaki kwangu. Kwa hiyo nimemwambia Dona Zuleica kwamba bado hajaiva kwa mtihani. Nikasema ni jinsi anavyoegesha. Nikaahidi kumpa masomo ya ziada bila malipo, nyumbani kwake, mpaka Oktoba. Bode hawezi kushindana na hilo. Bode hajui hata gia ni nini.

Sikutarajia uso wa Dona Zuleica. Alivua glovu taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema amekuwa akifanya mazoezi jioni uani, amesimika mifagio kama fito za mtihani, anaingia na kutoka na Fusca, na alidhani amepata. Akasema pengine mkwe wake ana haki, kwamba kuna umri wa kubebwa.

Kweli anaegesha vizuri kuliko mimi. Nikamwambia asikate tamaa. Akanifungia keki niende nayo.

Nimeila usiku nimesimama jikoni. Haikushuka vizuri. Labda ni sukari.

Jumatatu, 12 Agosti

Bosi ameniita. Aliniuliza kwa nini nimemwambia Dona Zuleica kwamba hajui kuegesha, wakati yeye mwenyewe ametoka kumwona akiingiza gari kati ya fito nje ya ofisi kama mtu anayerudisha droo. Nikasema tatizo ni vioo. Akauliza vioo vimefanya nini. Nikasema anavitazama kupita kiasi.

Mtihani ni Jumatano. Bosi amemwandikisha mwenyewe.

Aliyemleta ofisini ni Bode! Alimwona akifanya mazoezi uani na mifagio, akamwambia mwalimu wako ama kipofu ama ana lake. Kisha wakapanda basi wakaja wote. Mtu aniibie santuri, sawa, ndiyo michezo yetu. Lakini kunisema kwa bosi?

Marlúcia ameuliza kwa nini sisemi. Nikasema nina mawazo ya kazi. Akasema ni mara ya kwanza.

Jumatano, 14 Agosti

Alifaulu. Aliingiza gari kati ya fito mara moja tu, bila kugusa, akaweka breki ya mkono, akakunja mikono yake yenye glovu kifuani. Hata mtahini alicheka.

Mimi na Bode tulikuwa tumesimama kwenye uzio, kila mmoja na shada lake. Langu nililinunua. Dona Zuleica alikuja moja kwa moja, akatutazama kama walimu wa shule ya msingi wanavyotazama.

“Mwalimu,” akasema, “unafikiri mimi ni mjinga?”

Nikasema hapana, mama.

“Wanaume wawili wa umri wenu, ghafla wote mnampenda mjane na mbwa wake. Mmoja namkuta chini ya kitanda changu. Mwingine ananikazia lango ambalo halikuwa limelegea.”

Bode akatazama viatu vyake. Nikafurahi kidogo.

“Sanduku la Osmar ndilo mnalotaka. Mngeniomba siku ya kwanza, ningewapa siku ya kwanza. Lakini wewe, mwalimu, uliniambia siwezi. Nilirudi nyumbani nikataka kuuza gari.”

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Nikasema nisamehe. Nilisema vibaya, nikiwa nimejificha nyuma ya maua, lakini nilisema. Akachukua mashada yote mawili, akatuambia twende kwake kesho, kwa kuwa ni sikukuu na hakuna mwenye kisingizio.

Alhamisi, 15 Agosti

Nyumbani kwa Dona Zuleica. Sanduku juu ya meza. Ndani: vijiti vya ngoma vilivyoliwa ncha, fulana iliyopauka, picha ya vijana wanne wembamba mbele ya banda la kuku. Osmar ni yule anayecheka. Alikufa 1994 kwenye ajali ya pikipiki. Na chini kabisa, imefungwa kwenye gazeti, santuri. Moja.

Mimi na Bode tuliacha kupumua pamoja.

Dona Zuleica alisema kwao walilelewa kwa haki, mkate mmoja nusu kwa nusu. Akatoa santuri kwenye jalada. Jalada akanipa mimi. Santuri akampa Bode.

Nilieleza kwa adabu kwamba vitu hivi havitenganishwi. Bode naye akaeleza. Tulieleza pamoja, kwa mara ya kwanza tangu 1987 tukiwa upande mmoja. Akasema basi tutajua wenyewe la kufanya, lakini kwanza anataka kuisikia. Hajawahi. Gramafoni ya mama yao iliharibika kabla Osmar hajaileta santuri nyumbani, kisha miaka ikapita, kukawa na mazishi yake, na baadaye hakuwa na moyo.

Gramafoni iliyo karibu ni yangu. Tulikwenda na Fusca. Leseni yenyewe bado haijatoka, kwa hiyo niliendesha mimi, naye akanisahihisha njia nzima. Bode nyuma, santuri kifuani, Jemadari mapajani.

Marlúcia alifungua mlango. Akaona mjane, mbwa, beberu na santuri mpya. Nikafungua mdomo. Dona Zuleica akatangulia, akamweleza kwa maneno machache ni ya nani. Marlúcia akasogea tupite.

Nikashusha sindano. Mikwaruzo. Kisha, kabla ya muziki, sauti ya kijana, karibu sana, kama yuko nyuma ya kochi: “Moja, mbili, tatu, kuku tokeni!” Halafu kishindo.

Dona Zuleica alishika mkono wa kiti. Wimbo ulikwisha kabla hatujakaa vizuri.

“Ndiye,” akasema. “Alikuwa anawafukuza hivyohivyo kila mara, wasikanyagwe.” Akanigeukia. “Mwalimu, nirudishie pale mwanzo tu. Ngoma sizitaki.”

Sasa, santuri adimu haichezwi ovyo. Kila sindano inaposhuka, kitu kinakwanguka ambacho hakirudi. Nikamtazama Bode, mwenye mali. Ndevu zake zilikuwa zimelowa. Marlúcia alikuwa mlangoni na birika la kahawa mkononi.

“Baba Tainá,” akaniambia taratibu, “si umesikia? Rudisha.”

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Sijui mara ngapi. Moja, mbili, tatu, kuku tokeni. Mwisho Dona Zuleica alikuwa anacheka na kufuta macho kwa glovu, naye Jemadari akaja akalala juu ya mguu wangu. Ule mzima.

Ijumaa, 16 Agosti

Bode alikuja na maua kwa Marlúcia. Tumekaa mezani tukakubaliana kama watu wazima. Santuri na jalada vitakaa pamoja, miezi sita kwake, miezi sita kwangu, na Dona Zuleica akitaka kusikia, inakwenda kwake siku hiyohiyo. Tukaapa pia, mkono kwa mkono, kwamba kuanzia sasa hakuna kufichana. Mmoja akisikia habari ya santuri, mwenzake ajue kabla ya jua kuzama.

Nilimwambia kuhusu 1987, kwamba nimesamehe. Akasema hakumbuki.

Sijisikii vibaya. Mzigo wa miaka umenitoka mabegani. Wivu ule wote, wa nini? Nimejifunza mengi wiki hii. Nimwombe mtu kitu uso kwa uso. Nisiseme uongo. Urafiki una thamani kuliko plastiki.

Nimemsomea Marlúcia mistari hiyo mitatu. Akasema tutaona.

Jumapili, 18 Agosti

Kanisani na Marlúcia, kushukuru. Baada ya misa, kahawa ukumbini. Padre Anselmo alikuwa anamlalamikia mama mmoja kwamba chumba cha kwaya hakiingiliki. Mpwa wake alihamia Ureno akamwachia makasha ya santuri za kelele za mashetani, hevi metali tupu, za miaka ya themanini, na yeye hana mahali pa kuyapeleka. Yapo nyuma ya kinanda.

Padre alisimama hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kumwomba palepale, na angenibebea mwenyewe mpaka kwenye gari.

Lakini ukiomba, mtu anashtuka kwamba ana kitu.

Nimejiandikisha kwaya. Sauti ya nne. Wanakosa wanaume, wamenipokea kama mwana mpotevu. Padre alinishika mikono yote miwili. Marlúcia alitokwa machozi, akasema hakuwahi kuthubutu kuomba muujiza kama huu.

Mazoezi ni Jumanne. Bode amepiga simu akiuliza kama nina habari yoyote. Nimemwambia nimelala, nina homa.

Joho nimepewa tayari. Lina mikono mipana sana. Nimejaribu: santuri mbili zinaingia kila upande, na bado ninaweza kuinua mikono juu kwa Aleluya.