Wimbo Uliolowekwa kwenye Chai

Jumatano, 15 Mei

Ratiba ya soko la Zama za Kati la Altenrode, ambako watu huvaa na kupiga muziki kama wa kale, imetoka. Njiwa na Mwiba tumepangiwa tena pembeni ya vyoo. Mwaka wa sita! (Njiwa ni Wiebke, mwenye kinubi na sauti. Mwiba ni mimi, mwenye kinanda cha kuzungusha mpini.) Jukwaa la kisimani, penye kivuli na watu, wamepewa Kunguru wa Tufani. Wanaume wanne, vifua wazi, mazumari ya mfuko yanayosikika hadi wilaya jirani. Kiongozi wao, Ruprecht, hujipaka mafuta kifuani. Mimi nikivua shati watu huniuliza kama naumwa.

Wiebke akanipigia simu kutoka kliniki ya meno anakofanya kazi. Alizungumza kwa upole, ndipo nikaogopa. Akasema hana ugomvi na mtu, ila kinubi chake kimechoka kushindana na maji ya choo. Kama mpaka soko lifungwe Jumatatu hakuna kilichobadilika, yeye basi. Binamu yake ana hoteli mjini Kassel, anatafuta mtu wa kupiga kinubi wageni wakila. Nikacheka, nikamwambia asijali, nina mpango.

Sina mpango. Bila Wiebke mimi ni mtu mzima aliyevaa soksi ndefu na kuzungusha mpini.

Alhamisi, 16 Mei

Mpango umekuja! Umenijia dukani, nikimpima mteja macho.

Majukwaa hugawiwa na Daktari Stübner, mwalimu mstaafu wa historia na mkaguzi wa mambo ya kale sokoni. Hukagua mishono. Hukagua viatu. Mwaka juzi alinivua miwani, eti fremu za plastiki hazikuwapo karne ya kumi na nne. Tangu hapo napiga muziki bila kuona mbele. Mwaka jana niliinamia pipa la pombe ya asali kwa heshima zote nikidhani ni meya. Mama huyu kitu kinachomlainisha ni kimoja tu: cha kale, tena cha kale kweli.

Sasa, wimbo ninao. Niliutunga Februari nikisubiri gari lioshwe. Mtawa anasimama dirishani, theluji inaanguka, anamwita bata bukini wake aliyeondoka na bata mwitu. Ni wimbo mzuri. Nyimbo zangu mbaya nazijua zilivyo, ninazo kumi na tisa. Lakini nani atashtuka kwa wimbo wa Ansgar Pohl, muuza miwani? Wimbo wa mtawa wa mwaka 1374, hapo sawa.

Nimechukua karatasi nene, unyoya na wino. Nimeandika kwa herufi za kupindapinda, nimeloweka kwenye chai, nimekausha ndani ya oveni. Ya kwanza imeungua. Ya pili imetoka safi kabisa, rangi ya uzee wenyewe. Bahati mbaya chai iliyokuwa nyumbani ni ya stroberi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempelekea Daktari Stübner. Nimemwambia shangazi wa babangu, Sista Adelgunde, alinipa nakala hii ya siri, na kwamba nakala mama iko kwa watawa wenzake, ambao hawataki ipigwe picha wala itajwe. Akaitazama. Akainusa. Akainusa tena, akafumba macho, akasema watawa wa zamani walikuwa wakihifadhi maandishi kwa matunda ya porini. Mimi nikaitikia kama mtu aliyelijua hilo tangu utotoni.

Akataka kuusikia papo hapo. Wiebke alikuwa amejifunza wimbo saa ya chakula cha mchana. Kabla hatujaanza akanivuta pembeni, akaniuliza huku ananiangalia machoni, huu wimbo kweli ni wa watawa? Nikaapa. Akasema, basi, pole. Sikuelewa pole ya nini.

Tukapiga. Tatizo ni mstari wa nne. Kinanda changu ni cha gurudumu, unazungusha mpini kama unasaga nyama, nyuzi zinalia. Tangu kidondoke kutoka juu ya gari mwaka 2019, mpini hukwama. Hukwama kila wimbo, karibu palepale. Nikitunga huwa nauachia nafasi yake: kimya kidogo, kkk, halafu tunaendelea. Tulipofika hapo, kkk, Daktari Stübner akashika kifua. Akasema hapo ndipo watawa walipokuwa wakipiga goti. Hajawahi kusikia ushahidi ulio wazi namna hiyo. Machozi yalimtoka, mama wa watu.

Kesho, kisimani! Nimemwambia Wiebke mpango nilikuwa nao tangu Jumatano.

Jumamosi, 18 Mei

Siku kubwa kuliko zote maishani mwangu, na sikuona hata uso mmoja. Ila nilisikia. Kelele za soko zilizimika. Wiebke aliimba ule wito wa bata hadi mwanamume wa mbele akaacha kutafuna soseji. Daktari Stübner alikuwa ameshawaeleza watu juu ya goti. Mstari wa nne, kkk, na watu mia mbili wakapiga goti mbele ya mpini mbovu! Wiebke alitetemeka nyuma ya kinubi. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Kichwa kilivimba, sikatai. Baadaye Ruprecht mwenyewe akaja, mpole kama kondoo.

“Kaka, mmetuua leo. Huu wimbo wa nani?”

Nikanyoosha mabega. Nikamwambia ni wa kale sana, hauna mwenyewe.

“Hauna kabisa?”

“Kabisa.”

Akanishukuru kwa moyo, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa na mafuta.

Jumapili, 19 Mei

Mwizi! Mwizi! Mwizi!

Saa tano asubuhi nipo kwenye foleni ya mkate, nasikia wimbo wangu. Mazumari mawili na ngoma mbili! Wameuharakisha, bata bukini anakimbia kama ana moto mkiani. Na mstari wa nne wakanyamaza. Zumari halina mpini! Hakuna cha kukwama! Wakanyamaza, wakapiga goti wote wanne, vifua vinameta, na akina mama wa mbele wakapiga kelele ambazo mimi sijawahi kupigiwa hata nilipopata ajali ya baiskeli.

Nikamkabili Ruprecht. Alinishangaa kweli, wala hakuwa na dharau. “Si umeniambia mwenyewe hauna mwenyewe? Mambo mapya tunaombana ruhusa. Ya kale ni ya wote, kaka. Hata wewe si unapiga ya kale?” Kweli tupu. Ndiyo desturi yetu, na mimi huwa wa kwanza kuwasomea wageni.

Mchana tangazo likatoka. Wimbo wa Mtawa umefanywa wimbo rasmi wa soko. Utalifunga soko kila mwaka, kisimani, na watakaoupiga ni Kunguru wa Tufani, maana wanasikika hadi kwenye maegesho ya magari. Njiwa na Mwiba wanashukuriwa kwa kuugundua. Njiwa na Mwiba watabaki mahali pao.

Kuugundua! Makaa nimejipalia mwenyewe, na kuyapuliza nimeyapuliza mwenyewe. Wiebke ameshatafuta nyakati za treni ya Kassel.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeungama. Nilimkuta Daktari Stübner langoni akimwamuru mtu avue raba. Nikamwaga yote: gari kuoshwa, unyoya, oveni, stroberi. Nikamwambia Sista Adelgunde hayupo na hajawahi kuwapo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniwekea mkono begani.

“Bwana Pohl, mimi nimekusikiliza miaka sita. Ungekuwa na uwezo wa kutunga wimbo kama huu, tungeshausikia.”

Nikamwonyesha mpini unavyokwama. Akasema ndiyo hasa, hata ala yenyewe inakumbuka. Kuhusu Sista, akanikonyeza: anaelewa nalinda siri ya familia. Akaniambia wivu kwa Kunguru hauninenepeshi, akarudi kwenye raba zake.

Ndiyo hivyo. Kitu kizuri pekee nilichowahi kutengeneza, nimekigawa bure kwa watu wenye vifua. Kimeniuma. Kimeniuma sana, nisijifanye.

Wiebke alikuwa nyuma ya vyoo anafunga kinubi kwenye mfuko wake. Kule kisimani Kunguru walikuwa wanaumaliza wimbo, goti na yote. Nikamwambia ukweli, macho chini. Akasema anajua.

Anajua tangu lini?

Tangu Ijumaa. “Ansgar, we! Miaka sita nakusubiri palepale unapokwama. Vidole vyangu vinasimama vyenyewe. Mtawa gani wa mwaka gani angejua kukwama pale?” Na bata bukini alijua ni yeye, akasema. Aliniuliza Ijumaa kwa sababu alitaka kunisikia nikisema ni wangu. Ningesema tu hivyo, angeupiga hapahapa vyooni mpaka meno yamwishe, na meno anayajua. Badala yake nikaapa. Siku nne alikuwa ananisubiri.

Nikalia. Hadharani, nimevaa soksi ndefu. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka chooni akanipa karatasi kidogo.

Wiebke akasema Kassel inaweza kungoja hadi vuli. Kwa sharti moja: nitunge wimbo mwingine, na safari hii niandike jina langu juu yake, waziwazi, kila mtu alisome. Vyoo si neno, akasema. Uongo ndio uliomchosha. Nikaapa juu ya kinanda. Nikamwambia nimejifunza, tena somo la kudumu.

Jumanne, 21 Mei

Wimbo umekamilika kabla ya kifungua kinywa! Bata bukini amerudi. Theluji imeyeyuka. Mstari wa nne una nafasi ya kkk, na vidole vya Wiebke vitajua.

Ahadi ni ahadi. Jina langu nimeliandika juu kabisa, herufi kubwa za wino mwekundu, Ruprecht asipate pa kusingizia kwamba hauna mwenyewe. “Umetungwa na Ansgarius wa Altenrode, mwaka 1391.”

Safari hii nimenunua chai isiyo na matunda. Karatasi iko ndani ya oveni sasa hivi, inachukua rangi vizuri. Wiebke atafurahi sana.