Windows ya Dada Barbara na Flash ya Kwaya

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye maombi. Mimi ndiye niliyeua kompyuta ya dada Barbara.

Yeye yuko Tororo, anawahoji wauza mahindi sokoni. Anarudi Alhamisi. Ijumaa anawasilisha mradi wake wa mwisho chuoni Busitema, na mradi mzima umo ndani ya Windows. Wiki jana niliweka mfumo wa Linux pembeni mwa Windows, kwa siri, kwa sababu Caro anatumia Linux. Caro hutengeneza simu ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Sijawahi hata kumsalimia. Leo nikaona Linux inakula nafasi, nikaifuta. Nikawasha mashine. Skrini nyeusi: “grub rescue”. Windows haipo!

Jumanne, 5 Agosti
Kumuuliza Caro? Afadhali nizame choo cha shule. Nitatengeneza mwenyewe. Video inasema nitafute flash. Nyumbani ipo moja tu: ya kwaya, kwenye mkoba wa mama, yenye midundo yote ya nyimbo za Jumapili. Nikaipeleka kwa Oketcho mpiga chapa, nikaiwekea Windows mpya ya kusakinisha. Programu iliuliza kama ifute kila kitu. Nilidhani inauliza kwa adabu tu.

Jumatano, 6 Agosti
Kwaya haina midundo tena.

Flash yenyewe iliwaka, ikataka kufuta diski nzima ya dada. Safari hii nilijua si adabu. Nikazima kwa mikono miwili. Dada akapiga simu, akauliza kama mashine yake iko salama. Nikamwambia imepumzika. Si uongo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilivuka mpaka na kompyuta imefungwa ndani ya joho la kwaya la mama. Askari akauliza kama kuna mazishi. Nikasema yako karibu.

Caro alibonyeza kitufe kimoja, ikatokea orodha, akachagua Windows. Mradi wa dada huu hapa, mzima! “Profesa,” akaniambia, “Windows yako haikufa. Hukuiita tu.” Ameniita Profesa! Nikajibu asante kwa Kiingereza, sijui kwa nini, nikajigonga mlangoni.

Ijumaa, 8 Agosti, asubuhi
Dada anaoga. Anaondoka saa nne. Mama anatafuta flash, kwaya inafanya mazoezi leo. Nimemwambia ina virusi, ninaisafisha.

Lakini nina mpango. Ipo programu ya kufufua nyimbo zilizofutwa, nami naijua ya Linux tu. Kwa hiyo nimerudisha Linux pembeni kidogo. Dakika kumi, nyimbo zirudi, niifute, nani atajua?

Nyimbo hazikurudi. Linux nimeifuta. Skrini nyeusi.

Sina hofu, dawa naijua: kitufe kimoja. Kipi? Caro alikibonyeza mbele yangu kabisa. Alikuwa na bangili ya bluu, yenye shanga moja nyeupe karibu na kidole gumba. Hiyo niliiona vizuri. Kitufe sikukiangalia.

Kandambili zinakuja. Jozi mbili. Daftari hili linaingia ndani ya joho