Ombi la Kumnyamazisha Mwandishi Wetu

Ndugu Mhariri, uliyerithi kile kiti chenye mguu mbovu,

Nakusalimu kutoka Idara ya Uhusiano ya Mamlaka ya Maji, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na choo kilichofungwa kwa kukosa maji.

Naandika kwa heshima zote kulalamikia safu yenu mpya, "Tulivyoandika Zamani", inayochapisha upya habari za miaka kumi na minane iliyopita. Kila Jumanne mnatoa moja kuhusu mamlaka yetu, na juu yake pameandikwa "Na Mwandishi Wetu". Mwandishi huyo, kama majalada yenu yatakavyoonyesha, ni mimi.

Sikatai. Tangu hapo nimesoma taarifa ya habari redioni, nimehariri jarida la wafugaji wa kuku, nimeshika kipaza sauti kwenye harusi za watu, na sasa ni msemaji wa mamlaka ile ile. Mtu hutafuta riziki. Lakini mnaniumiza kama ifuatavyo:

1. Habari ya kwanza ilihusu bomba lililopasuka nyuma ya soko. Meneja Mkuu aliniagiza niikanushe kabla ya saa sita mchana. Nilikaa dakika arobaini nikitafuta kosa, nisilione. Mwandishi yule alihesabu nyumba, akapima kina cha dimbwi kwa fimbo, akazungumza na pande zote mbili. Ikabidi niseme habari hiyo imepitwa na wakati. Kisha nikaenda kuhakikisha. Bomba bado linavuja.

2. Ya pili ilinukuu ahadi ya mhandisi mmoja kwamba bomba lingebadilishwa ndani ya wiki mbili. Mhandisi huyo ndiye Meneja Mkuu wa leo. Mimi hanikumbuki, enzi hizo nilikuwa na nywele.

3. Meneja ameunda kamati ya kumsaka Mwandishi Wetu, na mwenyekiti wake ni mimi. Nimemhoji mtuhumiwa mara mbili, mezani kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Anakataa kutoa ushirikiano. Ifikapo Ijumaa natakiwa nipeleke ama jina lake, ama barua yangu ya kuacha kazi. Nimejaribu kuziandika zote mbili na jina linatoka lile lile.

4. Hili si la kiofisi, ila limeniuma kuliko yote. Nilikwenda redioni kukanusha, kwa sauti yangu nzuri ya taarifa ya habari. Mama yangu, ambaye ametunza kila kipande cha gazeti nilichoandika, alinipigia kabla sijatoka studio. Alisema, "Yule wa gazetini ndiye niliyemsomesha. Huyu wa redioni simjui, usimlete kwangu." Nimeona aibu, Mhariri. Hilo sina namna ya kulikanusha.

Kwa hiyo naomba, kwanza, safu hiyo isitishwe. Pili, mchapishe masahihisho kwamba Mwandishi Wetu hakuwahi kuwapo. Tatu, kama wasomaji watakuwa wagumu kuamini, mtangaze kwamba alikuwapo lakini amefariki. Tanzia nitaiandika mwenyewe, kwa kuwa sifa zake nazijua na aibu zake nitazipunguza.

Nisalimie chumba kizima cha habari, mpiga picha na kikohozi chake, na yule mama wa mapokezi aliyekuwa akiwaambia wakubwa kwamba nimetoka, huku nimejificha chini ya meza yake.

Wako katika utumishi wa umma,
Msemaji, Mamlaka ya Maji

Tanbihi: Leo ni siku ya tisa maji hayajatoka mtaani kwetu. Nimepita nyumba thelathini na moja nikiwa na daftari. Habari nimeiambatisha, maneno mia tatu na hamsini, pamoja na waraka wa ndani unaoonyesha kwamba tulijua. Itoeni Ijumaa, ukurasa wa mbele, na safari hii wekeni jina langu kamili, mama apate kulisoma. Mkihitaji majibu ya mamlaka kabla ya kuchapa, nipigieni ofisini kuanzia saa tatu asubuhi. Nitakanusha.