Makochi Meupe na Mwezi wa Abibu

Jumanne, 16 Desemba
Mama mkwe amepiga simu. Wanakuja tena! Watu tisa, siku kumi na mbili, Krismasi mpaka mwaka mpya upite. Tisa mara kumi na mbili ni mia moja na nane. Choo kimoja. Sikuulizwa, nimeambiwa tu, kama mpangaji.

Na sebuleni pana makochi niliyomtengenezea daktari wa meno. Seti nzima, viti saba, kitambaa cheupe pe. Karakana inavuja, ningeyaweka wapi? Anakuja kuyachukua tarehe 31. Akiridhika, kazi ya kliniki zake zote tatu ni yangu. Mimi niliyeanza na nyundo ya kuazima! Mwaka jana shemeji alijilaza kwenye kochi la mteja siku nne, akaliachia harufu ya dawa ya kuchua. Mteja alidhani nimemuuzia la marehemu.

Jumatano, 17 Desemba
Dawa imepatikana. Fundi viatu wa mlango wa pili na kundi lake hawashiki Krismasi. Miaka yote nilijua akili hazimtoshi. Leo nimemsikiliza saa mbili. Kumbe Biblia haina tarehe ya kuzaliwa! Kumbe mti wa mapambo Yeremia alishausema! Na mwaka hauanzi Januari. Kutoka, sura ya kumi na mbili: unaanza mwezi wa Abibu, huko Machi au Aprili. Nikahesabu kwa vidole. Desemba si mwisho wa kitu chochote. Ni mwezi wa tisa na ushee. Nani anafunga safari na watu tisa kwa ajili ya mwezi wa tisa na ushee?

Alhamisi, 18 Desemba
Nimetangaza mezani: nyumba hii haishiki tena sikukuu za kipagani. Mke wangu akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana. Akauliza, na ile saa ya mkononi niliyopewa siku yangu ya kuzaliwa, nayo upagani? Nikamjibu toba hairudi nyuma. Akacheka mpaka akashika mlango.
Nikampigia mama mkwe mwenyewe, nikamsomea vifungu vyote. Akakata.

Jumamosi, 20 Desemba
Mama mkwe amejibu. Amelia! Kwa furaha! Anasema, "Mwanangu, siku zote nilikuona mtu wa misumari tu." Hawaji! Sifuri mara kumi na mbili. Nimeyazunguka makochi mara tatu nikiimba.

Jumatatu, 22 Desemba
Fundi viatu kaleta habari njema. Njema kwake. Kundi limesikia ushujaa wangu, limechagua sebule yangu tarehe 25, wakutane kutosherehekea. Nikasema ndani hakuna nafasi. Akasema amechungulia dirishani, kaona viti saba. Mke wangu alikuwa kasimama pale pale, macho yanacheka. Ningekataa vipi?

Alhamisi, 25 Desemba
Wamekuja kumi na wanne. Wametosherehekea saa tisa nzima. Makochi nilikuwa nimeyafunika nailoni. Wakaivua, eti inapiga kelele wakiomba.
Kisha wakazozana Abibu unaanza lini. Watatu wanataka mwezi uandame kwanza, tena uonekane kwa macho. Watano wanataka usiku na mchana vilingane. Sita wanangoja shayiri iive. Nikauliza, shayiri ya nani? Mtaa mzima hakuna aliyewahi kuona hata punje yake. Fundi viatu akanifokea, "Ndugu, huo ni mwili unasema!" Akapiga magoti kuniombea, kashikilia kochi kwa mikono miwili. Mikono ya mtu aliyepaka viatu rangi tangu alfajiri.
Vidole kumi. Nimevihesabu.

Jumatano, 31 Desemba
Nimesugua kwa sabuni, kwa chumvi, kwa dawa ya meno. Doa jeusi limekuwa la kijivu, tena limetanuka. Daktari kaja. Nikamwambia asihofu, kimaandiko mwaka haujaisha, tuna miezi mitatu. Akasikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea vinywa vilivyo wazi. Akasema sawa, nami nikiumwa jino nisubiri Abibu. Makochi kaniachia, na kazi ya kliniki kampa yule fundi wa mtaa wa nyuma, anayetumia gundi badala ya msumari! Gundi!

Alhamisi, 1 Januari
Siku ya kawaida.
Mama mkwe kapiga simu. Amekuwa akisoma. Krismasi hatakuja tena, kamwe. Atakuja sikukuu za kweli: Pasaka na mikate isiyotiwa chachu, siku nane. Pentekoste moja, baragumu moja, upatanisho moja. Vibanda vya kulala nje, nane. Jumla kumi na tisa. Mara tisa, mia moja sabini na moja! Siku ya upatanisho wanafunga, lakini choo ni kile kile. Na vibanda, kasema, mkwe ndiye fundi, atajenga.
Mke wangu kaniambia hongera.

Ijumaa, 2 Januari
Nimeamka na akili mpya. Mpango haukuwa na kosa, kosa lilikuwa kundi. Fundi saa wa pale kona ana kundi lake. Wao wanasema sikukuu zote zilishafutwa, za mti na za vibanda, na mwaka uanze utakapo. Hapo ndipo penyewe! Nimejiandikisha kabla hajamaliza kueleza.
Kitambaa kipya nimeshanunua. Cheupe, maana cheupe ndicho kinachouzika. Kesho namaliza seti.
Jumapili wananipokea rasmi. Fundi saa hakunihoji imani hata kidogo. Kauliza jambo moja tu, nyumbani nina viti vingapi. Nikamjibu kwa fahari: saba.